Injini Iliyopashwa Moto Kabla Hatujafika

Watu wa Kisegi walimsifu mume wangu kwa adabu, na chanzo cha sifa hizo kilikuwa bega bovu. Kwetu mtu anayekusalimu kwa heshima hukupa mkono wa kulia huku ameushika kwenye kiwiko kwa mkono wa kushoto. Mume wangu alimsalimu kila mtu hivyo: wazee, watoto wa shule, hata yule muuza chumvi aliyetupunja kila siku ya soko. Wakasema huyu jamaa amelelewa. Hawakujua kwamba bila ule wa kushoto, wa kulia usingepanda hata kufika kifuani.

Bega liliteguka ufukweni, siku upepo ulipokuja ghafla na wanaume wakawa wanaivuta mashua kuitoa majini. Mashua ilirudi nyuma, wenzake wakaachia kamba, yeye akaishikilia. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kushikilia. Mganga wa mifupa alilirudisha lile bega baada ya siku tatu, ila alilirudisha anavyojua yeye mwenyewe. Tangu hapo kasia lilimshinda. Aliwaambia watu kwamba amechoka na ziwa, anataka kulima kama watu wa juu. Mimi nikanyamaza, kwa sababu mke akishaanza kuutangaza mwili wa mumewe, hiyo nyumba imekwisha.

Tulilima miaka miwili, mahindi na pamba kidogo. Alishika jembe kwa mkono mmoja na nusu, akirudi nyumbani hasemi. Alipoketi nje aliligeuzia ziwa mgongo. Na huyu alikuwa mtu wa kucheka! Nilipoolewa nilionywa na mama mkwe nisimkalie karibu kanisani, maana akicheka yeye nitacheka na mimi, na aibu itakuwa yangu. Katika ile miaka miwili sikumsikia akicheka hata mara moja. Nilizikumbuka siku ambazo nilimwambia apunguze sauti, nikajiona mjinga.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza miti ya ufukweni, na injini za kufungwa nyuma ya mashua zilikuwa zimeanza kuonekana kwetu, moja moja. Mume wangu aliziangalia zikipita na nikajua anawaza nini. Mwenye injini hapigi kasia. Anashika usukani tu, na kwa usukani mkono mmoja unatosha. Angeweza kubeba abiria na samaki kutoka visiwani mpaka Kisegi, akawa mtu wa majini tena, na hakuna ambaye angeuliza habari za bega. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kuna mzee huko Muhuru anauza mashua yake pamoja na injini, ingawa injini yenyewe ni ya zamani, tuliuza ng'ombe wanne. Mmoja alikuwa yule wa maziwa. Watoto wakarudia chai ya rangi, nami nilipowaona wakiinusa vikombeni moyo uliniuma.

Hapa lazima nijisifu kidogo. Mimi nilikulia kando ya injini. Baba yangu aliendesha mashine ya kinu cha posho kule Oyugis, na kwa kuwa alijaliwa wasichana watupu kwanza, mimi ndiye niliyefundishwa kuitia oili, kuizungusha mkono na kuisikiliza. Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukalichoka: injini iulize asubuhi. Chuma kikiwa baridi kimejikunyata, na kila palipolika panavuja pumzi. Kikishapata moto kinatanuka, nafasi zinazibika, na hata injini mbovu huimba vizuri. Anayenunua injini aliyoikuta ina moto amenunua wimbo.

Nilimwambia mume wangu hayo yote kabla hatujaondoka. "Usikubali kuivuta kama ina moto. Iguse kwanza."

"Nitaigusa," akasema.

Shida ilikuwa kwa baba mdogo wake, aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu. Upande wetu wa ziwa, mashua hainunuliwi kama jembe. Mashua ni mwanamke. Inaposwa, inaletwa nyumbani, inapikiwa. Anayekwenda kuitafuta huenda na msemaji, huenda na mkewe ili akae na wanawake wa boma lile, na siku hutajwa mapema ili wenyeji wasikutwe na chungu kitupu. Kumwendea mtu bila taarifa ni kwenda kumchungulia umaskini wake.

Nikamwambia baba mdogo, "Tukituma habari, si wataipasha moto kabla hatujafika?"

Alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Nyar Kasipul," akaniita, kwa maana wanawake walioolewa kwetu huitwa kwa nchi walikotoka, nami nilikuwa binti wa Kasipul, "sisi tunaenda kuposa ama kukamata mwizi?"

Wote wakacheka, isipokuwa mume wangu. Habari ikatumwa.

Tulitembea mpaka Karungu, tukalala kwa jamaa. Kesho yake lori la pamba likatusogeza karibu na Muhuru, tukamalizia kwa miguu, na mchana ulikuwa umepamba moto tulipolifikia boma la yule mzee. Alikuwa mrefu, ndevu nyeupe, shati limepigwa pasi. Alivuka kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, akiwa kijana, kwa hiyo lugha yetu na yake ilikuwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake.

"Karibuni, karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Baba mdogo alijinyoosha. "Mzee, sisi nasikia hapa kwako iko msichana mzuri. Anakaa kwa maji tu."

"Iko," mzee akasema. "Lakini si msichana tena. Ameona mambo."

Nilimpenda kwa jibu lile. Niliyasamehe mapema mambo ambayo nilikuwa bado sijayajua.

Wanaume walikunywa maji wakateremka ufukweni, mimi nikaingia jikoni kwa mke wa mzee, mama mnene mwenye macho ya kucheka. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kuona, kupitia mlangoni, kipande cha ziwa na nusu ya mashua. Nilimwona mume wangu akizunguka na kisu, akizichoma mbao chini kwenye mkuku na kwenye viungo. Kwa upande wa mbao sikuwa na wasiwasi, mbao alizijua. Kisha alipotea nyuma, kwenye injini. Injini zile za zamani hazikuwa na kamba ya kuwashia ndani. Ulichukua kamba yenye fundo, ukaizungusha kwenye gurudumu la juu, ukavuta, ikatoka yote mkononi mwako. Isipowaka, unaanza upya.

Nikasikia mvuto mmoja. Mmoja tu. Injini ikaitika.

Halafu nikamsikia mume wangu akicheka.

Siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimeshika samaki na kisu, mikono ikasimama. Kilikuwa kile kile, kicheko cha kanisani, kikapanda kilima chote mpaka jikoni. Machozi yalinitoka na nikamwambia yule mama kwamba ni moshi.

"Huyo ni bwana yako?" akauliza. "Amefurahi. Mungu asifiwe, maana hiyo mashine leo imetuua kichwa. Tangu jogoo ya kwanza mzee anavuta tu, anavuta tu. Mikono yote imechubuka. Nikamwambia kula kwanza, amekataa. Amesema, wageni hawawezi kukuta binti hajaoga."

Aliyasema hayo kwa fahari, kama mke anavyomsifu mumewe kwa kufagia uwanja. Hakujua alichoniambia. Nikaendelea kumpasua yule samaki, ngege mkubwa, na sijui nilimpasua vipi, maana mama yule alinitazama akaninyang'anya kisu.

Hasira ilinipanda. Kwanza juu ya mzee. Halafu juu ya baba mdogo na kofia yake. Halafu juu ya mume wangu, aliyeahidi kuigusa na hakuigusa, au aliigusa akaona heri asijue. Lakini hasira nayo haikukaa, kwa sababu nilikitazama kikombe alichoniwekea yule mama, kizima, cha maua, na kile alichojiwekea mwenyewe, kilichokatika mkono. Mimi pia wageni wakija hukificha kikombe kibovu. Mzee alikuwa amefanya yale yale kwa injini. Sisi ndio tuliomwambia siku ya kufanya hivyo.

Walipopanda kutoka ufukweni, mume wangu alinijia mlangoni mwa jikoni, jambo ambalo mwanamume mgeni hafanyi.

"Nyar Kasipul! Mara moja! Na kwa kushoto!"

Alikuwa amelowa jasho na anacheka. Baba mdogo alikwisha kaa, akinawa mikono huku akiusifu ukarimu wa nyumba. Nilijua mpango. Tukishakula, maneno ya bei yatasemwa, mikono itashikwa, na baada ya hapo ni kama mke: humrudishi kwao kwa sababu anakohoa. Na mwanamke hasimami mbele ya wenyeji akasema bibi harusi wenu ana kasoro, ilhali samaki wao wako tumboni mwake.

Basi nikashika tumbo.

Sikuwa mzuri wa kuigiza, lakini niliinama na kuguna na yule mama akapiga kelele za kututosha wote wawili. Akanichemshia majani machungu kuliko ugomvi wa ndugu, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza bakuli zima. Hapo tumbo likauma kweli.

"Hata maneno hatujamaliza," nikamsikia baba mdogo akilalamika nje.

"Maneno ya mali haisemwi mgonjwa akilia ndani," mzee akamjibu. "Mtalala. Kesho iko."

Mume wangu aliniketia kando, akanipoza paji la uso, na kabla ya kulala akanisimulia ule mvuto mmoja mara nne. Nikamsikiliza zote nne.

Kulipopambazuka nikamwamsha. "Twende ukaiulize sasa."

"Tumbo lako?"

"Limepona."

Alinitazama. Hakuwa mjinga. Aliinuka, akavaa shati kwa ile namna yake, mkono mbovu kwanza, tukateremka ufukweni.

Mashua ilikuwa imefungwa kwenye mti, injini imefunikwa gunia. Maji yalikuwa yametulia. Aliingia mashuani, akafunua gunia, akaweka kiganja juu ya silinda, akakiacha hapo. Hakuniambia ni baridi. Akazungusha kamba, akavuta kwa kushoto. Gurudumu lilizunguka kirahisi, kirahisi mno, na kutoka ufukweni nilisikia pumzi ikivuja ndani, fyuu, kama mtu anayepuliza uji. Akazungusha tena. Kumi. Kumi na tano. Mkono wa kushoto ukaanza kuchoka. Alipofika ishirini na kitu aliinyanyua ile kamba kwa mkono wa kulia, akiusaidia kwa wa kushoto, akavuta kwa mwili mzima.

Ukelele alioutoa sijausahau. Alikaa kwenye ukingo wa mashua, kamba mapajani, akatazama maji. Hakulaani. Ingekuwa afadhali angelaani. Nilisimama pale nikajichukia, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta aone.

Mzee alikuja amejitanda blanketi. Alimwona mume wangu, akaiona kamba, akaelewa.

"Mara ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Bado," mzee akasema. "Kwangu ni arobaini. Siku ya baridi, zaidi." Akatoa mikono kwenye blanketi akatuonyesha viganja. Vilikuwa vimechubuka mpaka ndani. "Kwa sababu hii nauza. Mikono yangu imekwisha."

Maneno niliyokuwa nimemwandalia yule mzee yangeweza kuchuna ng'ombe. Yote yalinikimbia, likabaki moja. "Mzee, huyu ametembea siku mbili. Ungesema."

"Ningesema, mama. Ningesema leo, kabla ya pesa. Kwa chakula siwezi."

Sijui mpaka leo kama ni kweli. Niliamua kumwamini, kwa sababu ya viganja.

"Una spana ya plagi?" nikamuuliza.

Yeye akamtazama mume wangu. Mwanamke kupanda mashua kama abiria si neno. Lakini ile ilikuwa mashua ya kuvulia, na mwanamke hakugusa vyombo vyake, kila ufuko ulijua hivyo, Muhuru na Kisegi sawa. Samaki wangekimbia.

"Mpe," mume wangu akasema, bado akitazama maji.

Nikafunga gauni juu ya magoti, nikaingia majini upande wa nyuma wa mashua. Plagi ilikuwa nyeusi na imelowa. Nikapanda nayo jikoni, ambako yule mama alikuwa anachochea moto wa chai, nikaishika kwa koleo juu ya makaa mpaka ikakauka na kupata moto mkali. Akataka kujua ninapika nini. Nikamwambia ninampikia binti yake kifungua kinywa. Alicheka, akanifuata mpaka ufukweni na kijiko nilichoomba. Nikamwaga oili kidogo, nusu kijiko, kwenye tundu la plagi, nikalizungusha gurudumu taratibu mara mbili ili oili ienee, nikairudisha plagi nikiwa nimeishika kwa kitambaa, nikaikaza. Halafu nikazungusha kamba.

Mvuto wa kwanza, kimya, lakini sasa gurudumu lilikuwa zito, pumzi imekamatwa. Wa pili ikakohoa. Wa tatu ikashika, moshi wa buluu ukatufunika sote, na bata wa yule mama wakatawanyika.

Niliisikiliza kwa muda kama baba alivyonifundisha. Nikaweka kidole kwenye tundu la kutolea maji: yalitoka kwa nguvu, ina maana yanazunguka ndani na kuipoza. Nikaizima, nikamwomba mume wangu alegeze skrubu ya chini kwenye gia. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi safi. Ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ningesema turudi nyumbani, maji yameingia. Nikaitikisa pangaboi, haikucheza. Pini yake tu ndiyo iliyonichekesha: mzee alikuwa ameweka msumari wa nyumba.

"Imelika ringi za pistoni," nikawaambia. "Haina pumzi ikiwa baridi. Mengine ni mazima. Mtu akiiamsha vizuri asubuhi, itafanya kazi mpaka jua lizame, na ikizimwa ingali na moto itawaka kwa mvuto mmoja. Kama jana."

Baba mdogo alikuwa amefika, amevutwa na kelele, kofia mkononi. Mzee akamweleza yote mwenyewe, hakupunguza. Nilitegemea baba mdogo akasirike. Kumbe alifurahi.

"Basi shida iko wapi? Bei irudi chini, tumemaliza." Akampiga mume wangu begani, lile bega. "Mara arobaini ni nini kwa mwanaume? Wewe na mikono kama hiyo! Unavuta, unavuta, inakubali."

Mume wangu alijikaza asigune. Niliyaona mashavu yakikakamaa. Nilielewa kwamba ana njia mbili mbele yake, na zote mbili zinauma. Angeweza kuitikia, tukainunua, akaenda nayo Kisegi, na kila asubuhi angesimama mbele ya ufuko mzima akivuta kamba asiyoiweza. Au angeweza kusema hapana, moyo wangu umeikataa, akarudi shambani na heshima yake yote. Mimi sikuweza kumsaidia. Lilikuwa bega lake.

"Baba mdogo," akasema, "mkono wangu wa kulia umekufa."

"Umekufaje?"

"Tangu siku ile ya mashua. Haunyanyuki. Injini hii siiwezi ikiwa baridi." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Huyu ataiwasha asubuhi pale ufukweni, kama ulivyoona. Ikishapata moto, nitaiwasha mwenyewe mchana kutwa."

Baba mdogo aliivaa kofia, akaivua. "Mwanamke? Ashike vyombo vya mashua, mbele ya watu?"

"Basi niambie nirudi nikalime."

Mzee alijitanda blanketi vizuri akatazama pembeni, na mkewe akasema kwa upole kwamba mficha uchi hazai, na kwamba chai imeiva. Baba mdogo alikuwa bado anautazama ule mkono.

"Miaka miwili?" akauliza.

"Miaka miwili."

"Na mimi nakuita kila siku tubebe magunia," akasema, macho yamemjaa, akamgeukia mzee na kuanza kubishania bei kwa hasira ambayo mzee wa watu hakustahili. Bei ilishuka kiasi cha ng'ombe mmoja. Nikajua watoto watapata maziwa, nikamshukuru Mungu kimyakimya.

Tulirudi kwa maji. Tulikunywa chai mpaka injini ikapoa tena, mzee akampa mume wangu kamba ya kufungia mashua kama baba anavyomtoa binti, nami nikaipasha plagi na kuiwasha nikiwa ndani ya maji, mbele ya watu wa ufuko ule waliokuja kutazama. Wengine waliguna. Mmoja aliuliza kama kwetu wanaume wamekwisha. Nilimjibu kwamba wamebaki wachache, ndiyo maana tunawatunza.

Baba mdogo alikaa mbele kabisa, amejifunika koti, kelele za injini zikimzuia kusikia la nyuma. Mume wangu alishika usukani kwa kushoto. Tulipoyapita maji ya Karungu na milima ya Gwassi ikaanza kujitokeza, alifanya kitu kilichonitia baridi: aliizima injini.

Kimya kikatanda. Baba mdogo akageuka kwa hofu. Mume wangu alizungusha kamba bila haraka, kwa mkono ule mmoja, akiibana kwa goti, akavuta. Mara moja. Ikaitika, naye akacheka, akacheka mpaka baba mdogo pia akaambukizwa kule mbele bila kujua sababu.

Tulipokuwa tumekwenda kidogo akainama sikioni kwangu. "Jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jikoni. Ulipokuja mlangoni nilikuwa nimeshaambiwa."

"Na usiku ukaniacha nikikusimulia. Mara nne."

Ningeweza kumwambia habari za adabu, na wenyeji, na maneno yasiyosemwa wakati wa chakula. Nikamwambia ukweli. "Sikuwa nimekusikia ukicheka miaka miwili. Nilifikiri kukicha hutacheka tena. Nikataka nikusikie usiku mmoja."

Aliongeza mwendo, akatazama mbele, kisha akasogea kwenye ubao akaniachia nafasi ya kukaa, upande wa ule mkono mbovu.